Farasi aliyestaafu mbio anazidi kukimbia kila ninapofupisha hatamu: tatizo liko mkononi, mdomoni au kwenye mafunzo yake?

#1 Mpanda Karen

Salaam wakuu. Nina jambo ambalo mimi na mwalimu wangu hatukubaliani, na ningependa lijadiliwe na watu waliokaa juu ya tandiko kwa muda mrefu. Ninampanda farasi dume aliyehasiwa, mwenye umri wa miaka 7, aliyekuwa akikimbia katika uwanja wa mbio wa Ngong kabla ya kuuzwa na kuletwa huku Karen. Hatamu zikiwa ndefu anatembea kwa utulivu, shingo imenyooka na masikio yanacheza huku na huku. Nikizifupisha tu ili niuhisi mdomo wake, anaing'ang'ania lijamu (chuma cha mdomoni kinachofungwa hatamu), anailalia kwa uzito wake wote na kuongeza mwendo. Nikikaza naye anakaza, na nikizidi kukaza tunakaribia shoti. Tukiwa kwenye matiti, yaani mwendo ulio kati ya kutembea na shoti, hasa tunapogeuka kushoto, hukitupa kichwa juu ghafla.

Mwalimu anasema mgusano kati ya mkono na mdomo lazima uwe wa kudumu, na kwamba ni mimi ninayeuachia mapema. Rafiki yangu anayecheza polo Gilgil anasema kinyume chake kabisa. Dai langu ni hili: mgusano wa kudumu haumfai farasi aliyefundwa kwenye mbio, na kuushikilia ni kumfundisha kuvutana na binadamu. Anayepinga, naomba atoe sababu.

#2 Saisi Mstaafu

Asante kwa uzi. Nimefanya kazi ya usaisi katika mabanda ya farasi wa mbio tangu ujana wangu, na ninachokiona katika maelezo yako ni farasi mtiifu. Kwenye mazoezi ya alfajiri, mpandaji wa farasi wa mbio huzipishanisha hatamu juu ya shingo ili kila mkono ushike zote mbili, kisha huiweka mikono chini karibu na manyoya ya shingo. Farasi akivuta, anavutana na shingo yake mwenyewe, wala si na mabega ya mtu. Baada ya muda anajua kwamba hatamu ikikaza, kazi imeanza: anaegemea, anatulia ndani ya mbio, anakwenda. Wakishapita mstari wa mwisho, mpandaji husimama wima juu ya vikuku (vya kukanyagia miguu) na kuzilegeza hatamu kidogo kidogo, naye farasi hupunguza mwendo.

Sasa wewe unazifupisha, mwili unainama mbele kidogo kwa wasiwasi, naye anaisikia amri ile ile aliyoisikia kila asubuhi tangu akiwa na miaka 2. Ukitaka apunguze, keti chini, nyoosha mgongo, pumua, legeza. Utashangaa.

#3 Mtanga Hannover

Heshima kwako Mzee Saisi. Maelezo yako kuhusu mafunzo ya mbio ni sahihi, lakini hayathibitishi dai la mleta uzi. Huku Ujerumani ninakofanya kazi katika banda la farasi, mafunzo hupangwa kwa ngazi 6: kwanza utaratibu wa hatua, kisha kulegea kwa mwili, kisha mgusano, kisha msukumo, kisha unyoofu, na mwisho kukusanyika, yaani farasi kubeba uzito zaidi kwa miguu ya nyuma. Mgusano ni ngazi ya tatu. Maana yake ni kwamba farasi ambaye mgongo wake umekakamaa hana mgusano wowote hata kama hatamu zimekazwa kama waya. Alicho nacho ni mvutano tu.

Pili, mgusano hauanzii mkononi. Unaanzia miguu ya nyuma. Mguu wa mpandaji humwomba farasi apige hatua ndefu zaidi nyuma, nguvu ile hupita mgongoni hadi shingoni, na farasi mwenyewe ndiye anayenyoosha shingo kwenda kuitafuta lijamu. Mkono unaipokea nguvu hiyo tu. Kwa hiyo mwalimu wako anaweza kuwa sahihi kuhusu lengo na bado akawa amelitaka mapema mno kwa farasi huyu.

#4 Daktari Meru

Habari zenu. Mimi ni daktari wa mifugo hapa Arusha na farasi ni sehemu ndogo ya kazi yangu, kwa hiyo sitaingilia mambo ya ngazi za mafunzo. Nimeona maneno mawili katika #1 ambayo hakuna aliyeyagusa: "hasa tunapogeuka kushoto" na "ghafla". Farasi anayetupa kichwa upande mmoja tu, mara nyingi anasema kuna mahali panapouma.

Taya la juu la farasi ni pana kuliko la chini, kwa hiyo anapotafuna, magego hayasagani sawasawa. Upande wa nje wa magego ya juu hubaki na makali yanayokwaruza shavu, na upande wa ndani wa magego ya chini hubaki na makali yanayokwaruza ulimi. Ukimgeuza kushoto, pete ya lijamu na mkanda wa pua hulisukuma shavu juu ya makali hayo. Baadhi ya farasi pia wana kijino kidogo kisicho na kazi mbele ya gego la kwanza, na lijamu hukigonga. Kabla ya kubishana juu ya mkono, mfungue mdomo, na uangalie mkanda wa pua kama vidole viwili vinapita kati yake na mfupa wa pua. Vidole visipopita, legeza leo hii.

#5 Kijana wa Nanyuki

Shukrani daktari. Ninaongezea kwamba lijamu hukaa juu ya meno, ndiyo maana farasi huitafuna. Pia nilivyofundishwa mimi, mkono lazima ufuate kichwa katika kila mwendo, na zaidi ya yote katika matiti kwa sababu ndipo kichwa kinapotikisika sana. Labda mleta uzi hafuati.

#6 Mwalimu Limuru

Kijana, nakusahihisha mambo mawili, na usikasirike, kwa sababu hata watu waliopanda kwa muda mrefu huyasema.

La kwanza, lijamu haikai juu ya meno. Kati ya meno ya mbele na magego kuna nafasi isiyo na meno, na hapo chuma hulala juu ya ulimi na juu ya ufizi mwembamba unaofunika ukingo wa mfupa wa taya. Hakuna nyama ya kukinga hapo. Ndiyo maana mkono mzito huumiza upesi hata kwa lijamu laini.

La pili, katika matiti kichwa ndicho kinachotulia kuliko miendo yote. Miguu inakwenda kwa jozi za mshazari, na shingo haihitaji kusaidia mizani. Katika kutembea kichwa hushuka na kupanda mara mbili kwa kila mzunguko wa hatua, na katika shoti ya taratibu mara moja. Kwa hiyo ukitembea, viwiko vifunguke na kufungika pamoja na kichwa. Ukiwa kwenye matiti ya kuinuka na kuketi, kinachopanda na kushuka ni mwili wako wewe, na kiwiko kifunguke unapoinuka ili mkono ubaki pale pale. Wapandaji wengi hawalifanyi hilo: wakiinuka, mikono nayo inainuka, na farasi anapigwa mdomoni kwa kila hatua ya pili. Mpanda Karen, mwombe mtu akupige video kutoka ubavuni, atazame ngumi zako peke yake.

#7 Msomi wa Tabia

Salaam kutoka Uingereza. Nimesoma sayansi ya tabia za wanyama na ninapanda pia. Naona Mzee Saisi na Mtanga wanapita kando ya jambo moja. Farasi hajifunzi kutokana na shinikizo lenyewe, bali kutokana na wakati linapoondoka. Mkono ukishinikiza, farasi akapunguza mwendo, mkono ukalegea papo hapo, amejifunza kwamba kupunguza ndilo jibu. Mkono ukishinikiza na usilegee hata akijaribu, shinikizo linageuka kuwa sehemu ya hali ya kawaida na haliambii chochote. Kisha unahitaji shinikizo kubwa zaidi ili asikie, na kesho kubwa zaidi ya hilo. Maelezo ya #1, "nikikaza naye anakaza", ni mfano kamili.

Kwa hiyo nakubaliana na dai la mleta uzi, ila silifungi kwa farasi wa mbio peke yao. Mvutano wa kudumu haumfai farasi yeyote.

#8 Mtanga Hannover

Ndugu Msomi (#7), umebadilisha neno. Mimi nilisema mgusano, wewe unajibu kuhusu mvutano. Hatamu inayolegea kabisa kisha ikakazwa ghafla humgonga farasi mdomoni kwa kishindo, na kishindo kile kinamwogopesha kuliko uzito mdogo ulio thabiti. Uthabiti ndio unaomwezesha kuamini kwamba mkono hautamshtukiza. Hatamu ipite kati ya kidole cha pete na kidole kidogo, ipande ndani ya kiganja, itokee juu ya kidole cha shahada, kidole gumba kiifunge hapo juu. Kidole gumba ndicho kinachozuia hatamu isiteleze. Kidole cha pete ndicho kinachozungumza. Kukibana na kukiachia kile kidole ni kulegeza tosha, bila ya kuutupa mgusano wote.

Ndiyo maana la Guérinière, yule mwalimu wa upandaji wa Kifaransa, alifundisha mkono bila miguu na miguu bila mkono.

#9 Mwalimu Limuru

Mtanga, hapo nakukatiza. Kanuni ya "mkono bila miguu, miguu bila mkono" ni ya François Baucher, mwalimu mwingine Mfaransa, wa karne ya 19. La Guérinière alitangulia sana, kazi yake kubwa ilichapishwa mwaka 1733. Alichosifika nacho upande wa hatamu ni kuushusha mkono: farasi akishakuwa kwenye mizani, mpandaji anaushusha mkono na kumwachia ajibebe mwenyewe kwa hatua kadhaa. Ukiitazama vizuri, kanuni hiyo inamsaidia Msomi kuliko inavyokusaidia wewe.

#10 Mtanga Hannover

Asante kwa sahihisho la jina na la mwaka. Ila kuushusha mkono hakumsaidii Msomi, kwa sababu ni jaribio la farasi aliyekwisha kufundishwa. Unamwachia ili uone kama anajibeba. Farasi wa Karen hajafika hapo.

#11 Mzaliwa Muscat

Assalaam alaykum wapendwa. Babu zangu walitoka Zanzibar na mimi nimekulia Oman. Huku kuna ardha ya farasi na ngamia, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha yake ya urithi mwaka 2018. Wapandaji wawili hupiga shoti bega kwa bega, na kuna wanaoshikana mikono wakiwa katika mbio hizo, na wengine husimama juu ya mgongo wa farasi. Aliyemshika mwenzake ana mkono mmoja tu wa hatamu, na farasi wake ni Mwarabu mwepesi mwenye moto. Hakuna nafasi ya kuvutana naye. Je, hilo halioneshi kwamba farasi mwenye mbio anaweza kuongozwa bila mgusano mnaouzungumzia?

#12 Saisi Mstaafu

Wa alaykum salaam. Nimeiona kwenye video, na ni kazi ya watu wanaowajua farasi wao tangu wangali wana. Ila tuwe waangalifu, ndugu yangu. Pale njia ni moja, imenyooka, na farasi anajua inapoanza na inapoishia. Mpanda Karen anataka mduara, kona, kusimama na kuondoka.

Polo ingekuwa mfano wa karibu zaidi. Fimbo lazima iwe mkono wa kulia kwa sheria ya mchezo, kwa hiyo hatamu zote zinabaki kushoto, na farasi hugeuzwa kwa hatamu kugusa shingo pamoja na uzito wa mpandaji. Farasi wengi wa polo wa Kenya walitoka kwenye mbio, na wanajifunza. Rafiki wa Gilgil hakosei kusema "mwachie", lakini amwambie pia kwamba farasi wa polo wengi huvalishwa lijamu kali zaidi, zenye jozi mbili za hatamu. Wepesi ule una kitu nyuma yake.

#13 Kijana wa Nanyuki

Mzee Saisi, naona leo umeamua kutowaachia hatamu Waomani wala watu wa polo. Nimekubali masahihisho ya #6, na nimejaribu ile ya kiwiko. Nauliza: vipi kwenye kuruka vizuizi? Pale mgusano unakwenda wapi?

#14 Mwalimu Limuru

Swali zuri. Zamani wapandaji waliegemea nyuma wakati wa kuruka na kuvuta hatamu, wakiamini wanamsaidia farasi kutua. Federico Caprilli, afisa wa wapanda farasi wa Italia aliyefariki mwaka 1907, ndiye aliyeubadili mtindo huo: mwili mbele, uzito juu ya vikuku, mikono ikiufuata mdomo kadiri shingo inavyorefuka hewani. Mgusano unabaki, lakini mkono hauamui chochote. Farasi anahitaji shingo yake yote ili ajipime.

Kwa wote wanaobishana hapa, fanyeni zoezi moja mkiwa wawili. Mmoja ashike pete za lijamu mikononi, afumbe macho, na mwenzake asimame nyuma yake ameshika hatamu kama kawaida. Aliyefumba macho atikise mikono taratibu mfano wa kichwa kinachotembea, na aseme kila anapohisi kuguswa, kuvutwa au kuachwa. Mkifika hapo mtaona jinsi ngozi ya hatamu inavyobeba hata mbano mdogo wa kidole cha pete, na jinsi mkono mnaodhani umetulia unavyogonga. Nimewafanyisha wanafunzi wengi, na wengi hunyamaza wakishabadilishana nafasi.

#15 Mpanda Karen

Nawashukuru wote. Ninarudi na taarifa. Nilipoinua mdomo wake kama Daktari Meru (#4) alivyoshauri, nilikuta kwenye kona ya kushoto ngozi imekwaruzika, nyekundu kidogo, mahali ambapo pete inapita. Daktari wa huku alikuja akamfungua mdomo, akakuta makali kwenye magego ya juu ya kushoto na kidonda ndani ya shavu. Meno yamepigwa tupa, na amepumzishwa bila lijamu mpaka kidonda kilipopona.

Sasa hakitupi kichwa tena, hata kwenye kona za kushoto. Lakini kulalia lijamu na kuongeza mwendo kumebaki vile vile. Video nayo inaonesha mikono yangu imetulia kwenye kutembea, ila kwenye matiti inapanda pamoja nami, kama Mwalimu Limuru alivyobashiri. Mwenzangu mmoja bandani amependekeza nibadilishe, niweke lijamu yenye mikono mirefu ya chuma na mnyororo chini ya kidevu, ili "aheshimu mkono".

#16 Daktari Meru

Nimefurahi kwamba mdomo umeangaliwa. Kuhusu lijamu ile, elewa inavyofanya kazi: mikono ya chuma ni wenzo, huzidisha nguvu ya kiganja chako, na mnyororo huminya chini ya taya huku mkanda wa kichwani ukishuka juu ya utosi. Farasi ataingiza kidevu kifuani ili aikwepe, na kwa macho ataonekana ametii. Kumbuka farasi hupumua kwa pua tu, hawezi kupumua kwa mdomo, na shingo ikikunjwa mno koo linabanwa. Utakuwa umempunguza mwendo kwa kumnyima hewa.

#17 Msomi wa Tabia

Nakubaliana na daktari kabisa. Na naomba wenzangu mzingatie kwamba maumivu yameondoka lakini tabia imebaki. Hiyo inaunga mkono hoja ya kujifunza: anaijua hatamu kama alama ya mbio, na ataisahau pale tu shinikizo jepesi litakapopewa maana mpya. Anzeni mkiwa mmesimama. Bana kidole, subiri arudi hatua moja nyuma, achia papo hapo. Kisha katika kutembea, kisha matiti. Akikosea, usikaze zaidi, rudi hatua moja.

#18 Mtanga Hannover

Kubaki kwa tabia kunaweza pia kuelezwa kwa mwili. Farasi wa mbio ana misuli ya kubeba uzito mbele, na anailalia lijamu kwa sababu hana mahali pengine pa kuuweka uzito. Kumrudisha nyuma akiwa amesimama hakumjengi mgongo. Miduara mikubwa ya mita 20, mguu wako wa ndani ukimsukuma kuelekea hatamu ya nje, na kubadili kutoka matiti kwenda kutembea na kurudi matiti mara nyingi, ndiyo inayoamsha miguu ya nyuma. Uzito ukihama nyuma, mkono utakuwa mwepesi bila mtu kuufundisha wepesi.

#19 Saisi Mstaafu

Yote mawili ni mema, lakini hayo ya mduara yatakuja baadaye. Huyu bado kichwani yuko Ngong. Mimi ningempeleka nje ya uwanja, apite njia za mashambani kwa hatamu ndefu akifuatana na farasi mzee mtulivu, mpaka kuguswa mdomo kusiwe tukio. Ukizifupisha, zifupishe akiwa anatembea, kwa kadiri ya upana wa vidole viwili, kisha zirefushe kabla hajapata sababu ya kuuliza. Mkono umshike kama unavyomshika mtoto mdogo sokoni: asipotee, na asilie.

#20 Mwalimu Limuru

Mpanda Karen, kabla hujachagua kati ya hao watatu, tujibu jambo moja. Anapoilalia lijamu, mikono yako inabeba uzito sawa, au kuna upande mmoja mzito zaidi? Na ukimwendesha mduara wa kulia kisha wa kushoto, uzito huo unahama mkono au unabaki pale pale?

#21 Mpanda Karen

Nimejaribu asubuhi ya leo. Mkono wa kulia ndio mzito, na unabaki kuwa mzito pande zote mbili za mduara. Kushoto hatamu huwa inakaribia kulegea.

#22 Mwalimu Limuru

Kama uzito ungehama kufuatana na mduara, ningesema ni mizani ya kona tu. Ukibaki kulia pande zote, kuna mambo mawili. Ama farasi amepinda, na alijifunza kuukwepa upande wa kushoto wakati shavu lilipokuwa likimuuma, ama wewe una bega moja lililo mbele ya jingine. Mpe mtu mwingine mwenye mkono mzuri ampande kwa muda mfupi, umtazame. Kama kulia kutabaki kuwa kuzito naye, ni farasi.

#23 Mtanga Hannover

Au tandiko. Naomba likaguliwe kabla ya huyo mtu mwingine hajapanda, kwa sababu tandiko lililoelemea upande mmoja litawapotosha wote wawili.